Kamba ya Bendera

Nilikuwa nimefundisha hisabati miaka kumi na mmoja pale Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda, na wanafunzi wangu walikariri jedwali la kuzidisha bila kukwama. Hilo lilinitosha kutembea kifua mbele. Kisha, katikati ya miaka ya tisini, akaletwa mwalimu wa kike, kijana, moja kwa moja kutoka chuoni. Akapewa la tano B. Mimi nikabaki na la tano A, ambamo binti yangu naye alisoma.

Mwenzangu huyo hakukaririsha. Aliuliza swali moja, akaenda kukaa dawati la nyuma, akanyamaza. Watoto wabishane, wapime, wakosee, waanze tena. Vicheko vyao vilivuka ukuta usiofika darini, na wanafunzi wangu wakageuza shingo. Ofisini nikasema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda," na walimu wakacheka. Lakini donge nilikuwa nalo mimi. Ulikuwa wivu mtupu, ule wa kufurahi chaki za mwenzako zikilowa mvua.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu kumshtaki kwamba darasani kwake watoto wanacheza tu. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nyie wawili nitawapa swali moja," akasema. "Watoto wapime urefu wa mlingoti wa bendera bila kuupanda. Tuone."

La tano A walitoka na madaftari, wakajipanga vizuri, wakangoja. Mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, hapa tunajumlisha au tunazidisha?" Hata namba zenyewe hazikuwepo.

La tano B walibishana mpaka nikaanza kufurahi. Ndipo mtoto mmoja wa wafugaji akafunga leso chini kabisa kwenye kamba ya bendera, akavuta upande wa pili hadi leso ikafika juu. Kamba iliyoshuka mikononi mwake wenzake wakaipima kwa rula ya ubaoni. Mita saba na nusu. Mwalimu mkuu aliandika kwenye kidaftari chake, akaondoka bila kunitazama.

Roho iliniuma. Na aliyepandisha bendera ile kila asubuhi, mwaka wa pili sasa, alikuwa binti yangu. Jioni nilimkuta akichagua mchele kwenye ungo, nikamuuliza mbona hakuikumbuka kamba anayoishika kila siku.

"Niliikumbuka, baba," akasema, macho yakiwa kwenye mchele. "Nilikuwa nasubiri uandike ubaoni."

Kesho yake alipandisha bendera, tukaimba, akaifunga kamba. Madarasa yalipoanza kuingia, akaenda kusimama nyuma ya mstari wa la tano B. Mwalimu wao akanitazama, akingoja nimwite mwanangu. Sikumwita. Niliingia darasani kwangu, nikachukua dasta, nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu.