Alama moja iliyobaki getini: Siri ya mtunza jezi wa Chaani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Karisa Mwarandu anaigeuza jezi nambari nne ndani nje, anaizamisha kwenye beseni la bluu na kuanza kuisugua kwapani. Jezi yenyewe ni safi. Aliifua Jumatatu iliyopita, na Jumatatu ya kabla ya hiyo. Haijavaliwa na mtu tangu mwezi wa Mei.

"Jezi ikikaa kwenye gunia huvunda," anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nami nikikaa nyumbani bure, kuta zanisogelea."

Tuko nyuma ya ghala dogo la mabati mtaani Chaani, Changamwe, ambapo klabu ya Matangi FC huweka mipira, koni na sanduku la dawa. Msimu umekwisha wiki tisa zilizopita. Wachezaji wametawanyika. Kocha amekwenda kwao Taveta. Aliyebaki ni huyu mzee wa miaka hamsini na mitatu, na jezi ishirini na mbili za rangi ya chungwa.

Kufua jezi Changamwe si kazi ya kubahatisha. Maji ya kisima hapa ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, na jezi ikikaushwa nayo hukakamaa ikawakwaruza watu shingo. Kwa hiyo Karisa husugua kwa maji ya chumvi, kisha husuuza kwa maji matamu anayonunua kwa mtungi. Nambari za mgongoni hazikamui hata siku moja. Na lazima kamba iwe tupu kabla ya saa tatu, kwa sababu malori ya mafuta yakianza kupishana barabarani, vumbi lote hutua kwenye nguo.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na mmoja. Msimu ukiendelea, klabu humpa shilingi elfu saba kwa mwezi, zikipatikana. Msimu ukiisha hufua ovaroli za madereva wa malori, ambazo anasema zina tabia mbaya kuliko mchezaji yeyote.

Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Binti yake ameolewa Voi na hupiga simu Jumapili baada ya misa. Siku sita zinazobaki, Karisa alikuwa na Matangi.

"Hawa walikuwa watu wangu," anasema. "Nilijua nani ana kidonda, nani kagombana na mkewe, nani hajala. Mtu akikuletea soksi zake, humjua vizuri."

Anatumia wakati uliopita, kana kwamba timu imezikwa. Haijazikwa. Mazoezi ya msimu mpya yanaanza mwezi ujao, na mwenyekiti wa klabu aliniambia kwa simu kwamba Karisa "ni mtu wetu, anajua pa kuja." Tatizo ni kwamba Karisa mwenyewe hajui kama anaweza kwenda, na kila nilipomuuliza sababu, aliinamia beseni.

Siku ya tatu ndipo aliponieleza. Lakini kwanza msomaji ajue msimu ulivyokwisha.

Ligi wanayocheza Matangi ina timu kumi na sita. Nne za kwanza huingia kwenye mchujo wa kupanda daraja, na daraja la juu maana yake ni mishahara ya kweli, si nauli na sahani ya wali. Matangi hawajawahi kufika huko. Mwaka huu walimaliza wa tano wakiwa na alama hamsini na moja. Timu ya nne ilikuwa na hamsini na mbili, na kwa tofauti ya mabao Matangi walikuwa mbele yao. Sare moja tu popote ingewatosha.

Sare hiyo ingepatikana Likoni, mechi ya pili kutoka mwisho, dhidi ya Nyota ya Bahari, timu ambayo haikuwa na cha kupigania. Mechi hiyo haikuchezwa.

Mashabiki wa kandanda wa pwani hawahitaji kuelezwa habari za mageti. Kwa wengine nitasema kwa ufupi. Timu nyingi za huku haziingii uwanja wa ugenini ovyo. Zipo zinazoruka ukuta, zipo zinazobadilishia nguo ndani ya basi, na zipo zinazogoma kutangulia uwanjani. Mchezaji atakuambia haamini uchawi, kisha atakuomba utangulie wewe. Sisi waandishi wa michezo tunawacheka, halafu tunapita mlango wa pembeni.

Matangi walikuwa na utaratibu wao. Aliyekuwa akiingia kwanza ni Karisa, na gunia la jezi begani. Walisema ana mguu mwema. Akishapita yeye, wote hupita.

Karisa hakuuchukulia mzaha wajibu huo. Msimu wa juzi, kwenye uwanja mmoja wa Kwale, aliona yai limefukiwa nusu mlangoni, akalipuuza na kupita. Dakika ya kumi na nane mshambuliaji wao akavunjika kifundo cha mguu. Kijana huyo hajacheza tena.

"Nilimbeba mimi," Karisa anasema. "Nikasema moyoni, sitapuuza tena."

Jumamosi hiyo ya Mei basi lao lilikwama kwenye foleni ya feri, wakafika uwanjani saa nane na robo. Mechi ilikuwa saa tisa. Karisa akashuka, akaweka gunia begani na kuelekea getini. Hatua tatu kabla ya kufika, akasimama.

"Niliona wekundu," anasimulia. "Umemwagwa kutoka nguzo hii hadi nguzo ile, bado mbichi, nzi wamejaa. Nikarudi kinyumenyume. Nikawaambia, wanangu, msipite hapa. Pamemwagwa."

Hayo ndiyo maneno yote aliyosema. Hakuna aliyeomba maelezo.

Kocha Mramba alifoka, akaukanyaga wekundu ule kwa viatu vyake, akasimama ndani ya uwanja na kuwaita mmoja mmoja kwa majina. Wachezaji wakamjibu kwamba kocha havunjiki mguu kwa kukaa benchi. Wakazunguka ukuta. Ukuta una chupa zilizopondwa juu yake. Wakafika mlango wa nyuma, una kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa msibani.

Ufunguo ulipopatikana ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano. Kanuni za ligi zinaipa timu dakika thelathini. Matangi waliingia mbio, njumu mkononi, wakamkuta mwamuzi ameshapuliza filimbi ya mwisho na Nyota ya Bahari wamepewa ushindi wa mezani.

Nyota wenyewe walikuwa wamepita geti lile lile. Jambo hilo lilitajwa kwenye basi wakati wa kurudi, na jibu lilikuwa tayari: dawa haimdhuru aliyeiweka.

Wiki iliyofuata Matangi walishinda mechi yao ya mwisho mabao manne kwa bila. Walilia badala ya kushangilia.

Yote haya yalikwishaandikwa, mengine na mimi mwenyewe. Niliandika kwamba Nyota walishukiwa kwa ushirikina, nikaliweka neno "inadaiwa" mbele ili nilale vizuri. Ninachokuja kuandika sasa hakijaandikwa, na Karisa amekaa nacho peke yake wiki sita.

Mwezi wa Juni alikwenda Likoni kumtazama muumini mwenzake aliyelazwa hospitalini. Wakati wa kurudi miguu ikampeleka uwanjani. Anasema hajui alitaka kuona nini. Ilikuwa Jumamosi, mchana.

Pale getini alimkuta mama wa makamo, Bi Mwanasaumu, anayeuza mabuyu, ubuyu ule wa kupikwa kwa sukari, iliki na pilipili na kutiwa rangi mpaka mtoto anatoka na ulimi kama ametafuna kalamu ya mwalimu. Alikuwa anasuuza sufuria. Maji mekundu, mazito, yakatambaa kutoka nguzo hii hadi nguzo ile. Nzi wakaja.

"Shikamoo, mama," Karisa alimwambia.

"Marahaba, baba. Wataka ya shilingi ngapi?"

"Hayo maji, mama. Ni ya nini?"

"Ni rangi ya mabuyu, baba, na sukari iliyoganda. Kila Jumamosi namwaga hapa. Nitamwaga wapi kwengine, na mfereji wenyewe umeziba tangu mwaka jana?"

Karisa alinunua pakiti mbili. Akazibeba hadi kwenye feri, akavuka nazo, na mpaka leo hazijafunguliwa. Alinionyesha. Ziko juu ya kabati, karibu na picha ya mkewe.

"Timu nzima," anasema. "Msimu mzima. Kwa sukari."

Nilicheka. Lazima nikiri, nilicheka kabla sijamtazama usoni. Nilipomtazama niliona aibu.

Kama ingekuwa ni alama moja tu iliyopotea, labda angeimeza na kusahau. Lakini kuna watu wawili alioniomba nikawatafute.

Nahodha wa Matangi ni Lenox Odhiambo, mwenye jezi nambari nne. Kipa wa Nyota ya Bahari ni Oduor. Wote wawili walikuwa wapakuzi kwenye ghala moja la Changamwe, na kwa miaka minne walipanga chumba kimoja Mikindani. Siku za mechi walitoka mlango mmoja, mmoja akaenda na chungwa, mwingine na buluu, na jioni aliyeshindwa alipika.

Jumamosi ile usiku Lenox alihama.

"Alichukua godoro na redio," Oduor aliniambia tulipokutana nje ya ghala. "Nikamwambia, bro, mimi hata mganga simjui, huku nilikuja kutafuta kazi tu. Akaniuliza, sasa ile damu iliingia yenyewe? Kusema ukweli, hata mimi nilianza kushuku viongozi wetu."

"Mlikuwa mkionana kazini?"

"Kila siku, mpaka alipohamishwa. Alikuwa akibeba upande wa mlango wa tatu, mimi wa kwanza. Tukikutana alikuwa akiangalia simu."

Lenox sikumpata. Alihamishiwa ghala la Mariakani wiki mbili zilizopita, na inasemekana aliomba mwenyewe.

Karisa anajua yote haya. Kwa wiki mbili za mwanzo baada ya kuonana na Bi Mwanasaumu, Lenox alikuwa akimpigia simu kila jioni, kumjulia hali, kama alivyozoea. Karisa aliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza.

"Ningemwambia nini? Angeanza kuwatukana Nyota, nami ningeitikia, eeh mwanangu, eeh mwanangu. Niliitikia hivyo kwenye kikao cha mwisho. Watu ishirini wanawalaani wenzao, nami nimekaa katikati. Sikuwa nimejua bado, lakini mdomo ulikuwa wangu. Sasa najua, nawezaje kuitikia tena?"

Baadaye Lenox aliacha kupiga. Wengine nao wakaacha, maana mtu asiyepokea simu huonekana hataki watu. Nilizungumza na wachezaji watatu wa Matangi. Hakuna hata mmoja anayemlaumu mzee. Mmoja alisema, "Yeye ndiye aliyetuokoa miguu." Nilipomfikishia Karisa salamu hizo, alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuuficha uso kwa jezi yenye maji.

Nimewahoji wengi walioumizwa kwa kulaumiwa. Huyu anaumizwa na shukrani.

Nilimuuliza kama naweza kuyaandika. Akasema ningoje. Haifai Lenox alisome gazetini kabla hajalisikia kwa mdomo wa Karisa mwenyewe. Akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu mfukoni, akaipiga nambari ya Lenox na kuiweka sikioni, akiwa amesimama wima kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

Iliita mpaka ikakata.

Akapiga tena. Ikaita. Barabarani malori yalikuwa yameanza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, jezi zilikuwa bado kambani zikipokea vumbi. Hakuziangalia. Alipiga mara ya tatu, kisha akaketi.

"Ana haki," akasema. "Nilimfanyia hivyo hivyo."

Nikamshauri amtumie ujumbe. Akatikisa kichwa. Anasema jambo la namna hii haliandikwi na mtu mwenye kosa kwa vidole viwili, akakosea na herufi. Nikamshauri aende Mariakani. Alikwishakwenda, kumbe, Alhamisi iliyopita. Alisimama nje ya ghala kuanzia asubuhi hadi zamu ikatoka. Lenox alipotokea, akicheka na wenzake wapya, Karisa alijificha nyuma ya trela.

"Nilimwona amekonda," alisema. "Nikashindwa."

Nilimuuliza anatumaini nini sasa, swali ambalo sisi waandishi huliuliza tukitaka kufunga daftari. Mazoezi yanaanza mwezi ujao, nikamkumbusha. Je, anataka kurudi kubeba gunia?

"Wakinitaka nitabeba. Wakisema mzee pumzika, nitapumzika. Hilo si langu tena kuamua. Langu ni lile la vijana wawili wale. Nataka waishi kama walivyokuwa wakiishi."

Kisha akanyoosha kidole kwenye daftari langu.

"Basi andika wewe. Andika kwamba ni Karisa Mwarandu aliyesema pamemwagwa, na palimwagwa mabuyu. Andika Nyota hawana kosa. Weka na mahali ninapokaa, Chaani, nyumba za mabati nyuma ya kanisa, mlango wa mwisho, usiku nipo na mchana nipo. Lenox husoma gazeti kila siku, kuanzia ukurasa wa michezo. Akilisoma hili atakasirika, namjua. Atapanda gari aje."

Nilimuuliza haoni hofu, kijana akija na hasira hizo.

"Aje tu," Karisa akasema. "Hata akija na matusi, atakuwa amekuja."