Barafu ya Mboko yamrudisha Willy barabarani

Saa moja asubuhi, maji ya mto yanamfika Willy Mlondani kifuani. Pikipiki ameiacha ng'ambo. Wanaume wanne wataivusha mabegani. Yeye amebeba kichwani sanduku la baridi, lile ambalo huku wanaliita glasiere, na amelishika kwa mikono yote miwili. Akiteleza, chanjo zote zinachukuliwa na mto hadi ziwani.

"Mi siogope mayi," anasema akifika ukingoni, meno yakigongana. "Mi naogopa saa. Bale batoto banangoja."

"Batoto" hao ni wanafunzi wa uuguzi wa taasisi moja ya elimu ya juu mjini Baraka. Leo ni Alhamisi. Jumatatu wanaanza mazoezi wodini, na sharti halina mjadala: asiyechanjwa homa ya ini aina ya B haingii hospitali. Atakayekosa atasubiri mwaka mwingine.

Willy, mwenye miaka arobaini na mmoja, ni dereva wa pikipiki. Hubeba mihogo, wajawazito, magodoro, hata mbuzi. Mvua ikishanyesha na magari yakakwama, kituo cha afya humtuma Uvira kuchukua chanjo. Kazi hiyo haina shukrani nyingi. Barabara ni mashimo matupu, na kila baada ya kitambo kuna kizuizi cha askari.

"Ku barrière baniambia nifungue glasiere baone," anasema. "Nabaambia, mukifungua muko naua dawa. Bengine banasikia. Bengine banacheka, banafungua."

Jana mto huu ulimkatalia kabisa. Akarudi Mboko, kwa dada yake mkubwa Nyassa, muuza samaki. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, tena kwa wema mtupu.

Nyassa anajua jambo moja kuhusu kitu kinachoweza kuoza: kiongezee barafu. Sangala wake hufika sokoni wakiwa wazima kwa sababu barafu haifanyii ubahili. Aliposikia mdogo wake analalamika juu ya joto, alingoja akaoge, akafungua sanduku na kulishindilia barafu mpaka kwenye kifuniko. Alipomwambia, Willy alimshukuru kwa moyo wote. Miaka yote hii alikuwa ameonywa kuhusu joto tu.

Kituoni Baraka, muuguzi Déogratias anafungua kifuniko na kukuta barafu imejaa hadi juu. Anatoa kichupa kimoja. Kimekuwa jiwe.

"Papa Willy, nani alitia hii barafu?"

"Yaya yangu, dada Nyassa. Iko mubaya?"

"Hii chanjo inaogopa barafu sawa vile inaogopa moto. Ikiganda, imekufa."

Willy anakaa chini kwenye saruji, suruali yake bado mbichi. Uani wanafunzi wamejaa. Wa mbele wamesikia, na mnong'ono unafika nyuma kabla Déogratias hajatamka neno jingine.

Vichupa vya katikati bado ni maji. Labda vimepona, labda viliganda vikayeyuka. Kwa macho huwezi kujua. Déogratias anakiacha kimoja cha barafu kiyeyuke, anakitikisa pamoja na kimoja cha katikati, kisha anaviweka dirishani bega kwa bega. Kilichoganda kinatua upesi, unga chini na maji maangavu juu. Chenye afya kingebaki na ukungu wake kwa muda mrefu. Watu wote wanakitazama kile cha pili.

Nacho kinatua vilevile.

Anarudia kwa kichupa kingine, na kingine. "Zote," anasema hatimaye.

Inauma kuandika hivyo. Dada alitaka kusaidia, kaka kavuka mto na mzigo kichwani, na kazi yote imekuwa bure.

Willy anaifuata pikipiki yake. Nyuma yake anakuja Jocelyne Kanyange, mkimbizi kutoka Burundi anayeishi kambi ya Lusenda, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo. Anaongea kwa sauti ya chini. Rafiki yake amemwonyesha mtu anayegonga muhuri wa chanjo kwenye kadi bila kukuchoma sindano.

"Papa Willy, mi siwezi kupoteza mwaka. Nitaingia tu. Nitavaa gants ku mikono."

Willy anageuka kwa ukali.

"Mudogo wangu Jérémie alikuwa infirmier, alitunza bagonjwa mu hôpital. Naye alivaa gants! Sindano ya mugonjwa ilipita mu gants, ikamuchoma. Macho ikageuka manjano, tumbo ikavimba. Nilimuzika mi mwenyewe." Sauti inampasuka. "Unazani mi nabeba hii glasiere juu ya nini?"

Jocelyne analia waziwazi, wala hajifichi.

Déogratias ameshapiga simu Uvira: dozi nyingine zipo. Willy anajaza mafuta. Mpango wake ni kufika Uvira leo, kurudi kabla ya Jumapili jioni, na safari hii sanduku halifungui mtu, awe askari au ndugu wa damu.

"Jumatatu nikikukuta mu hôpital bila chanjo," anamwambia Jocelyne, "nitakukamata mukono mbele ya ba docteur, nikutoe."

"Basi enda, papa. Fanya mbio."

Hadi tunaandika haya Jumapili mchana, mvua inanyesha tena upande wa Mboko na simu ya Willy haipatikani. Jocelyne amekaa kwenye benchi la kituo tangu asubuhi. Mkono wa blauzi ameshaukunja.