Magunia Aliyolalia

Tonton Timothée, ndugu wa mama yangu, alibeba magunia bandarini Kisangani mpaka mgongo ukamkaza, akawa hawezi kuinama. Muuguzi alimpa vidonge vya kulegeza misuli, na mimi nilikuwepo akimwambia: "Papa, kimoja tu jioni, ukiisha kula. Vinaleta usingizi. Na usinywe lotoko hata kidogo, itakukata pumzi."

Tonton akaitikia kwa kichwa. Lakini wabebaji wana desturi yao: mashua ikifika kutoka Basoko, kikombe cha lotoko, ile pombe kali, kinazunguka kabla ya gunia la kwanza. Anayekipitisha bila kunywa amewakataa wenzake. Asubuhi moja mashua ilifika naye mgongo ukimuuma vibaya, akameza vidonge kadhaa kwa mkupuo na kuvisukuma kwa pombe hiyohiyo.

Usingizi ukamwangusha juu ya magunia ya mahindi, mle mashuani. Wenzake wakamwita, hakuitika, anakoroma tu. "Bon, mumuache mukubwa apumzike, iko na maumivu," wakasema, wakambebea sehemu yake. Huo mnauita upendo? Mimi nauita upumbavu! Mtu anaitwa haitiki, nanyi mnapita kando yake mkinyata?

Mkoromo ukanyamaza. Wakafurahi kwamba sasa analala vizuri. Wakashusha mzigo wote kwa adabu, wakabakiza magunia aliyolalia. Walipomshika bega ili wayachukue na hayo, bega lilikuwa baridi.