Mheshimiwa Niliyemsalimu Liuhua

Chekeni tu, mimi nimeshajicheka vya kutosha. Nilikuwa mwanafunzi Guangzhou, China, na kazi ya ukalimani niliitaka kufa na kupona. Dada Rehema, wakala wa mizigo kule mtaa wa Sanyuanli, akanipigia simu.

"Mjumbe wa bunge la jimbo moja la Marekani amekuja kutafuta biashara, anataka mkalimani, na amefikia hoteli ya Liuhua. Alikuwa mwalimu, akagombea akashindwa, akarudi akashinda, sasa ni mkongwe bungeni. Kamuwahi!"

Nikayakariri yote. Asubuhi nikaingia hotelini Liuhua na tai ya kuazima. Nikamwona mzungu mrefu mwenye suti, na kando yake mama mfupi aliyevaa raba. Mjanja mimi, mama nikamkabidhi mwavuli wangu uliolowa, kisha nikamshika bwana mkono kwa nguvu.

"Mheshimiwa," nikasema kwa Kiingereza changu cha Mombasa, "uliposhindwa ule uchaguzi wa kwanza hukukata tamaa. Na mimi siondoki hapa bila kazi!"

Bwana akawa mwekundu. Rehema hakuwa amesema kama ni mwanamume au mwanamke, wala mimi sikuuliza.

"Aliyeshindwa ni mimi," mama akasema taratibu. "Huyu ni mume wangu. Ni daktari wa meno."