Sahihi ya Kivuko cha Kiplelgut

Weldon alimkuta Chepngeno shambani Jumanne asubuhi, kikapu mgongoni, umande bado uko kwenye majani. Hakushuka kwenye pikipiki. Alizima injini akakaa akimtazama anavyochuma, kisha akacheka.

"Mama Winny, nasikia siku hizi wewe ni mkaguzi wa serikali."

"Mimi ni mchuma chai, Bwana Weldon."

"Sawa. Basi Alhamisi ukija pale kivukoni, ukumbuke jina lako liko kwenye karatasi. La tatu kutoka juu. Ulisema kivuko kimejengwa vizuri, ukatia sahihi. Sasa ukigeuka useme hakuna kivuko, mwongo ni nani? Mimi nikipelekwa ndani, mama, tutapanda gari moja. Utaniimbia njiani, si wewe ni wa kwaya?"

Akawasha pikipiki akaondoka. Chepngeno alisimama na majani mkononi mpaka yakaanza kunyauka.

Weldon alikuwa msimamizi wa wadi, na maneno yake hayakuwa ya mzaha. Miaka miwili iliyopita kaunti ilitenga fedha za kujenga kivuko cha saruji juu ya kijito cha Kiplelgut, ili watu wafikishe chai kituoni na wagonjwa wafike hospitali ya Kaplong bila kuzunguka kilima kizima. Kwenye karatasi kivuko kilikwisha kujengwa. Kwenye kijito kulikuwa na magogo mawili ya mkaratusi, ambayo Mzee Ogari wa ng'ambo na jirani zake waliyaburuta wenyewe. Mvua ikinyesha, magogo yanateleza kama sabuni.

Mwaka huu kikundi cha raia kinachoitwa Macho ya Wadi kilikubaliana na ofisi ya mkaguzi wa kaunti. Kabla mkandarasi hajalipwa fungu la mwisho, wananchi na mkaguzi wataufikia mradi pamoja kwa miguu, karatasi zikiwa wazi mbele ya wote. Nyaberi, kijana aliyekiongoza kikundi hicho, aliomba kila kijiji kichague mtu mmoja wa kusema. Akina mama wa kanisa walimchagua Chepngeno.

Hakuwa msomi. Aliacha shule darasa la sita, mama yake alipougua. Lakini alisoma kila kilichopita mbele yake, kuanzia maandishi ya gunia la mbolea hadi karatasi ndogo inayokunjwa ndani ya pakiti ya dawa ya ng'ombe. Duka likibadilisha mizani, yeye ndiye aliyeona kwanza. Watoto wake walimcheka kwamba hata Biblia huihesabu kurasa kabla ya kuinunua.

Ndiyo maana maneno ya Weldon yalimkata maini. Mtu anayeangalia hivyo, angetiaje sahihi kwenye uongo? Alipekua kichwa chake siku mbili nzima, hakukumbuka karatasi yoyote ya kivuko. Lakini Weldon asingetaja nafasi ya tatu kama hakuiona. Aliwaza juu ya binti yake Winny aliye kidato cha tatu, juu ya ng'ombe wawili wasiokubali mkono mwingine kuwakamua. Akawaona akilini wanawake wa kwaya wakinong'ona juu yake.

Alimweleza mume wake, Kipsang, wakiwa jikoni.

"Usiende," Kipsang alisema. "Sema una malaria."

"Na jina langu?"

"Jina likae huko huko."

"Litakaa vipi, baba Winny, na mimi sipo kulitetea?"

Kipsang alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Basi vaa lile koti zito," akasema baadaye. "Kule chini kuna baridi."

Alhamisi watu walijaa pande zote mbili za kijito. Mkaguzi alikuwa mwanamke, Madam Makori, amevaa gambuti na kofia ya mvua. Alipima magogo kwa macho, akapiga picha, akauliza kivuko kiko wapi.

"Kilichukuliwa na mafuriko," alisema Weldon. Sauti yake ilikuwa laini. "Mambo ya Mungu. Lakini kilijengwa, na wananchi wenyewe walikikagua wakaridhika. Hii hapa orodha, watu kumi na wanane." Alifungua faili akainua karatasi. "Wa tatu yuko hapa na sisi. Mama Winny, salimia watu."

Shingo zote ziligeuka. Nyaberi alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Chepngeno alikuwa hajamwambia maneno ya Weldon, kwa hofu na kwa aibu, na sasa aliliona kosa lake limesimama wazi.

"Mama," alisema Madam Makori, "hii ni sahihi yako?"

Aliichukua karatasi kwa mikono miwili. Jina lake. Nambari yake ya kitambulisho. Sahihi yake, ile yenye mkia mrefu.

"Ni yangu," alisema.

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye chai. Mtu wa nyuma akasema, "Kumbe alikula nao." Weldon alinyoosha mkono achukue karatasi yake.

Chepngeno hakuiachilia. Macho yake yalikuwa yamenasa mwisho wa mstari wa tatu. Pale, karibu kabisa na mkia wa sahihi, palikuwa na duara dogo, na ndani yake namba nne.

Duara lile alilijua. Mwaka mmoja aliandikisha mifuko miwili ya mbolea, na mtu akaongeza namba moja mbele ya namba mbili yake, ikawa kumi na mbili. Alikatwa kwenye malipo yake ya chai kwa mbolea ambayo hakuiona. Tangu hapo, kila akiandikisha mbolea, huzungushia namba duara lililobana, asipate mtu nafasi ya kuongeza kitu.

"Madam," aliuliza, "hii nne ni ya nini?"

"Ni alama ya kalamu tu," Weldon alisema haraka.

"Sijakuuliza wewe, Bwana Weldon." Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. "Madam, hii ni mifuko yangu minne ya mbolea. Duara ni langu. Niliandika kwa kalamu yangu, ofisini kwa Bwana Weldon tunakoandikisha mbolea, na juu ya karatasi paliandikwa mbolea. Hapa pameandikwa kivuko." Akapitisha macho kwenye majina hadi chini, akageuka. "Mzee Ogari, msimu ule uliandikisha mifuko mingapi?"

"Saba," alijibu Ogari kutoka ng'ambo. "Na mmoja ulikuja umepasuka."

Madam Makori aliinamia karatasi. Mstari wa kumi na moja, kando ya sahihi ya Ogari, palibaki kipande cha namba saba. Nusu yake, kama namba nyingine za mifuko, ilikuwa imefichwa na kitu wakati wa kutoa nakala. Aliigeuza karatasi kwenye mwanga.

"Hii ni nakala. Karatasi yenyewe iko wapi?"

"Ofisini," Weldon alisema, "lakini mwenye ufunguo—"

"Twende ofisini. Wewe mbele, mimi nyuma yako."

Weldon alipompita Chepngeno alipunguza mwendo. "Mbolea inapita kwangu, Mama Winny," alisema chinichini. "Msimu ujao hauko mbali."

Chepngeno akakaa kwenye jiwe.

Nyaberi alibaki naye kuandika maelezo yake. Aliandika polepole, kwenye daftari lenye karatasi ya kaboni, akamsomea, akampa kalamu. Chepngeno aliyasoma mwenyewe mara tatu. Chini ya neno la mwisho palibaki nafasi nyeupe ya upana wa mkono, na hiyo ndiyo aliyoikodolea macho.

"Tia sahihi hapo chini, mama."

"Chini hapana."

Alitia sahihi ubavuni mwa neno la mwisho, imegusana nalo. Kisha akaichora ile nafasi nyeupe mistari ya kukatana, kutoka pembe hadi pembe, mpaka pasibaki pa kuandika hata herufi moja.

"Sasa nipe nakala yangu," alisema.

Aliikunja, akaisukuma ndani ya koti zito, akavua viatu, akapanda gogo la kwanza ili avuke.