Chupa ya Sabina Inasogea Nikifika Mimi Tu

Admin, nifichie jina. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, nafundisha kemia sekondari hapa Sumbawanga, naishi Katandala. Wazazi wangu ni watu wa Mbeya. Na ninyi ambao mkisikia Sumbawanga tu mnaanza utani wa ungo, leo niacheni kwanza. Hili halina uchawi hata chembe, ndiyo maana linanitesa.

Nilisoma chuo na rafiki yangu, nimwite Sabina, Mfipa wa huku huku. Utotoni alikaa Kabwe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwa shangazi yake, akawa anaona akina mama wakisukuma kando mafuta ya injini za boti ndipo wachote maji ya ziwa. Hilo lilimkaa moyoni. Chuoni akashika utafiti wa unga mweusi wa chuma, chembe ndogo hata hadubini ya shule haizioni. Ukiutia kwenye mafuta na maji ukatikisa, chembe zinazunguka kila tone la mafuta, matone hayaungani tena, mchanganyiko unatulia mzito kama uji wa ulezi. Ukitaka kuutenganisha unasogeza sumaku. Matone yanaifuata, na ukirudia rudia yanapasuka, mafuta yanapanda juu. "Nitausafisha ufuko wa shangazi," alikuwa akisema, nasi tunamwambia aanze na sufuria zake.

Alifariki kabla hatujahitimu. Chupa yake ya mwisho, ya mafuta ya alizeti, ilibaki maabara imetulia vilevile alivyoitikisa kwa mkono wake. Watu wa maabara walitaka kuimwaga. Nikaiomba, nikampelekea mama yake kijijini, akaiweka mezani chini ya picha ya Bikira Maria, pamoja na rozari.

Mwaka huu nilipopangiwa kazi huku nikaenda kumsalimia. Nilitoka darasani nikapanda bodaboda moja kwa moja, na kwenye mkoba nilikuwa na sumaku ya kufundishia, nimeisahau kabisa. Nikamwamkia, nikaketi, nikauegemeza mkoba pale mezani. Mama akaikodolea chupa macho. Ndani ya chupa ule weusi ulikuwa unasogea taratibu, unajikusanya upande wangu.

"Umeona?" akasema kwa sauti ndogo. "Mwanangu amekutambua. Mimi nakaa naye hapa miaka yote, hajanisogelea hata siku moja."

Nilijua ni sumaku. Nilifungua mdomo niseme, lakini mama alikuwa anacheka huku analia, amenishika mkono. Nikanyamaza.

Safari iliyofuata nikaiacha sumaku nyumbani, nikidhani mambo yatajiishia. Mama alikaa anaitazama chupa mpaka ugali ukapoa. "Amenuna," akasema. "Mwanangu, nimemkosea nini?" Hakula. Wenzangu, sikuweza kuvumilia. Nilivyorudi tena nilikuwa na sumaku, na safari hii sikuisahau. Niliiweka kwa makusudi.

Tangu hapo sina amani. Nikiwa naandika ubaoni nahisi ule weusi uko nyuma yangu, unanifuata. Na kibaya zaidi, kila ninapokwenda, matone yanapasuka. Juu ya chupa sasa kuna mafuta ya manjano, safi kabisa, yanaongezeka. Kazi ya mkono wa rafiki yangu, ambayo kifo chenyewe hakikuigusa, naibomoa mimi kidogo kidogo, tena mbele ya mama yake.

Juzi mama akanionyesha yale mafuta, uso umemng'aa. "Unaona anavyotakata? Nimemwombea sana, mwanangu. Anatoka toharani. Weusi wote ukishuka atakuwa amefika mbinguni. Njoo Jumapili baada ya misa, yeye anakusikia wewe. Tummalizie safari."

Jumapili ndiyo keshokutwa. Nikienda na sumaku, chupa inaisha na uongo wangu unakuwa imani ya mama mpaka anazikwa. Nikienda bila sumaku, ataamini mtoto wake amekwama toharani kwa sababu yangu. Nikimwambia ukweli, namuua Sabina mara ya pili, na safari hii mama atamwona akifa.

Ndugu zangu, msinitukane, nishikeni mkono. Mnaojua uchungu wa mama aliyezika mtoto, niambieni: keshokutwa niingie mlango ule na nini?