Jozi Kumi na Tatu

Opereta alistaafu miaka tisa iliyopita, lakini jina la kazi halikustaafu naye. Miaka thelathini na moja alikaa mbele ya ubao wa simu, kifaa masikioni, waya mkononi, akiuliza maneno yaleyale: "Nikuunganishe na nani?" Ukishamtajia, anakuambia, "Usikate tafadhali," anachomeka waya, anasubiri nyinyi wawili msikizane, kisha anajitoa. Kujitoa ndiyo ilikuwa adabu ya kazi. Aliyebaki kwenye laini kusikiliza mambo ya watu alifukuzwa siku hiyohiyo, na yeye hakuwahi hata kuonywa.

Haya. Mumewe alifariki mwaka uleule aliostaafu. Binti yake wa pekee yuko ng'ambo, na kila Jumapili humtumia ujumbe wa sauti: "Mama, nafurahi una wenzako." Hao wenzake ni klabu ya wastaafu, wanaokutana kila Jumanne saa nne asubuhi kwenye ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Viti vya plastiki, chupa mbili za chai, meza tatu za drafti, kona ya wafumaji, na kwaya ya watu saba ambayo, Mungu anisamehe, ingefaa iimbe kwa kunong'ona.

Opereta hachezi drafti wala hafumi. Yeye akiingia huangaza macho aone nani kakaa peke yake, humshika mkono na kumpeleka kwa mtu. "Wewe si ulikuwa nesi? Basi njoo, huyu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa." Wakishaanza kucheka, yeye huyoo, keshaondoka, yuko jikoni anaosha vikombe. Watu husema bila Opereta klabu ingekufa. Ni kweli, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia, acha vikombe, mama, njoo ukae.

Mwaka huu Fundi Saa, mwanachama mwenzao, alianguka nyumbani kwake akafariki, na watu wakajua siku ya nne. Siku nne, jamani! Mtu aliyetengeneza saa za mji mzima. Jumanne iliyofuata hakuna aliyegusa kete. Mwalimu Mkuu, mwenyekiti wao, ambaye mpaka leo huongea kama yuko mbele ya wanafunzi mstarini, alisimama akasema, "Kuanzia sasa kila mtu atakuwa na mwenzi wake. Saa mbili asubuhi mnapigiana simu. Mwenzako asipopokea, unakwenda kwake. Opereta atatupanga." Nani mwingine?

Alikaa na orodha ile siku tatu. Asiyesikia vizuri alimpa mwenye sauti ya kupaza. Anayeamka amenuna alimpa mcheshi. Wajane wawili waliokaa mtaa mmoja miaka kumi bila kujuana aliwaweka pamoja. Dereva alimwachia nesi wake. Zikatimia jozi kumi na tatu, watu ishirini na sita, na klabu ina watu ishirini na saba. Kinyozi hajinyoi. Angeweza kujipachika mahali wakawa watatu, nani angemkataza? Hakujipachika. Alitaka aulizwe.

Na aliulizwa. Mwalimu Mkuu alibandika orodha ukutani, akageuka. "Opereta, kuna aliyebaki?"

"Hakuna," alisema.

Mwanamke huyu! Utasema ni ukaidi, lakini haukuwa ukaidi. Aliona haya. Umewagawia watu watu wao, halafu usimame mbele yao useme nimekosa wa kwangu?

Basi ikawa kila asubuhi, saa mbili ikigonga, anasikia simu ya Mshonaji ikilia upande wa pili wa ukuta. Mshonaji ni jirani yake na ni mwanachama mwenzake, na kicheko chake kinapita kwenye matofali. Opereta alikaa mezani na simu yake, ameichaji mpaka ikajaa, anaitazama. Siku moja ililia, akairukia. Ilikuwa kampuni ya simu inamwarifu kwamba kifurushi chake kimeisha.

Mwezi wa pili wa simu hizo aliteleza bafuni akateguka kifundo cha mguu. Akajifunga bandeji mwenyewe, akaamua jambo moja: hatampigia mtu. Nisipokwenda Jumanne, alijiambia, watakuja. Alitaka kujua, basi, hata kama kujua kwenyewe kungemuuma.

Jumanne ya kwanza hakuja mtu. Jumanne ya pili alisogeza kiti karibu na mlango. Mchana alisikia hatua za Mshonaji zikipanda ngazi, anaimba wimbo wa kwaya. Hatua zikafika mlangoni pake, zikapita. Funguo zikalia upande wa pili. Opereta alikaa pale na mguu wake juu ya stuli, akalia, na roho ilimuuma zaidi kwa kuwa hakukuwa na wa kumlaumu.

Jumanne ya tatu alikwenda akichechemea.

"Opereta!" Mshonaji alipiga kelele. "Tulidhani umekwenda kwa binti yako! Mwenzi wako hata hakutuambia kitu."

Dereva aliinua macho kutoka kwenye drafti. "Kwani mwenzi wake nani?"

Mwalimu Mkuu alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye orodha kutoka juu hadi chini, akarudia. "Opereta, si nilikuuliza kama kuna aliyebaki?"

"Uliniuliza, Mwalimu."

"Ukasema hakuna."

"Nilibaki mimi," alisema. "Wiki mbili nimekaa na mguu huu nasikiliza ngazi."

Mshonaji alijifunika mdomo kwa mkono. Dereva ndiye aliyesema, "Nikimaliza na nesi nina nafasi. Saa mbili na robo," akasogeza kete yake bila kungoja jibu.

Kesho yake saa mbili simu ya jirani ililia kama kawaida. Ikafika na robo. Ikafika na dakika ishirini, na Opereta akaanza kujiambia, ndiyo hivyo, watu husema tu. Saa mbili na nusu simu ikaita. Aliinyakua, na ulimi ukatangulia wenyewe.

"Nikuunganishe na nani?"

"We mama!" Dereva alicheka. "Nimekupigia wewe."

Miaka thelathini na moja, hapa ndipo alipokuwa akijitoa. Yanayofuata hakuwahi kujifunza. Machozi yalimteremka mpaka kidevuni.

"Opereta? Upo?"

"Nipo," alisema. "Usikate tafadhali."